Mkungu wa Ndizi Niliopewa kwa Kusema Ndiyo

Mtoto wa mama mkubwa ni mwanajeshi. Alipiga simu kutoka kambini kusema kikosi chake kinapelekwa Kongo, simu ikakatika. Tangu siku hiyo mama mkubwa akawa anauliza kila mtu pale kijijini Kikwe: nani wamekaa wakaamua, na watoto watarudi lini? Hakuna aliyejua.

Tukasikia kiongozi mmoja wa siasa atakuja kusali usharikani kwetu. Mama mkubwa akanipigia. Mimi naziba pancha kule mjini, mtaa wa Sakina, nimeishia darasa la saba.

"Baba, njoo uniulizie. Wewe umesoma."

"Mbele ya watu, mama mkubwa?"

"Andika. Utasoma tu."

Niliandika jioni mbili. Ikatoka mistari miwili.

Jumapili ile mama mkubwa alitoa sadaka mkungu wa ndizi, kumwombea mwanawe. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, kama kawaida yetu. Mheshimiwa akapandisha bei ya ule mkungu mpaka wengine wote wakanyamaza. Ukawa wake. Akauwekea mkono, akaanza kuongea. Nyumba ya jirani inaungua, alisema, hatuwezi kukaa tunaangalia.

"Nikirudi nitaulizwa wananchi wanasemaje kuhusu vijana wetu kwenda Kongo. Nikajibu nini?"

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikanyoosha mkono.

"Mnaona! Kijana huyu hapa! Vijana wa Meru wanaunga mkono!"

Makofi, vigelegele. Akaniita mbele, akanishika bega.

"Au nasema uongo, kijana?"

Karatasi ilikuwa mfukoni. Watu wote walikuwa wananitazama, wanatabasamu.

"Ndiyo, mheshimiwa. Naunga mkono."

Hakunilazimisha. Mnunuzi kwetu huweza kumpa mtu alichonunua, naye akanitwisha mkungu. "Mpelekee mama nyumbani."

"Na wewe unaondoka lini na bunduki?" mzee mmoja wa kanisa akanitania. Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Mama mkubwa alitangulia njiani. Hakugeuka mpaka tulipovuka mfereji.

"Swali langu ulilisema saa ngapi? Mimi sikulisikia."

Nikaupandisha mkungu vizuri begani.

"Wakisema wananchi wamekubali, ni wewe. Sasa mimi nikamuulize nani?"

Mlangoni akanizuia. "Hizo nimeshampa Mungu. Haziingii humu."

Nikaurudisha mkungu kanisani. Bega lilikuwa linauma, na kila niliyepishana naye alinipongeza. Nilikuta uwanja mtupu, gari la mheshimiwa limeshaondoka. Nikautua mkungu mlangoni pa ofisi, nikatoa karatasi, nikasoma kwa sauti: Nani waliamua watoto wetu waende, na watarudi lini?

Nilimaliza kusoma upesi mno. Hata makofi yale yalichukua muda mrefu zaidi.

Kaka bado yuko huko. Akipiga simu, mama yake anamuuliza kama amekula. La kurudi haliulizi tena, hasa nikiwa nimekaa pale.