Pedali Iliyokubali Mguu Wangu

Juzi, mjini Mbulu, nilimwona fundi amechuchumaa kando ya gari kuukuu, akinusa vidole vilivyolowa mafuta ya breki. Nikajikuta nimerudi kwenye alasiri moja ya utotoni.

Baba alikuwa na pikapu ya kubebea watu na vitunguu saumu. Kila ilipoegeshwa uani nilipanda nyuma ya usukani, nikaunguruma kwa midomo na kukanyaga breki, ambayo siku zote ilikuwa ngumu kama jiwe. Siku ile pedali ilizama taratibu hadi chini, laini kama tope la masika. Nikajua nimekua.

Niliificha furaha yangu hadi akina mama walipokwisha kukaa juu ya magunia, tayari kuteremka mlima mkali wa Magara.

"Baba, leo nimekanyaga breki mpaka chini!"

"Kwa kamguu hako?" mama mmoja akacheka. "Basi utuendeshe wewe!"

Baba hakucheka. Aliikanyaga mwenyewe, akaishikilia, nayo ikazidi kuzama. Akainama kwenye gurudumu la nyuma, akapapasa palipolowa, akanusa vidole.

"Shukeni, mama zangu. Breki inavuja. Hatuendi."

"Na vitunguu vyetu?"

"Vitalala hapa. Na ninyi mtalala kwenu."

Walipoondoka wakinung'unika, baba aliketi chini, akaegemea tairi, akanivuta kifuani. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Nilidhani ni baridi yetu ya milimani, nikakimbia ndani kumletea koti.