Damu ya Mtu Mwingine

Siku yangu ya kwanza kazini kama muuguzi, katika kituo cha afya upande wa Ushirombo, nililetewa mchimbaji aliyekwisha kufa. Sururu ilimkata paja ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, na wenzake wakamjaza majivu kwenye jeraha. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, alimfunika shuka, akaniambia, "Sista, huyu alihitaji mtu wa kumkandamiza palepale alipoangukia. Nenda ukawafundishe."

Nikaenda. Shuleni niliwapigisha watoto magoti, mikono wameinyoosha juu ya mto wa kulalia, wakandamize kwa uzito wa mwili mzima. Wazee wasio na nguvu mikononi niliwafundisha kutumia goti. Jeraha lenye shimo lijazwe kitambaa safi mpaka ndani, kisha likandamizwe bila kuchungulia. Mguu ukizidi kumwaga damu, ufungwe kitambaa kipana sehemu ya juu kidogo kuliko jeraha, kikazwe kwa kusokota kijiti mpaka damu ikome, na kisifunguliwe mpaka hospitali.

Nilihamishiwa machimbo ya Geita, kisha nikarudishwa vijijini Bukombe. Huko mwanafunzi wangu bora alikuwa Mzee Masanja, mfugaji. Siku moja mnadani alimkuta kijana mgeni amechomwa kisu kinenani. Watu wote walikimbia. Masanja alijaza shuka lake kwenye jeraha, akalikandamiza kwa goti mpaka gari likapatikana. Kijana akapona.

Masanja alikamatwa, maana yeye ndiye aliyekutwa na damu. Alilala mahabusu mpaka kijana alipopata fahamu na kusema siye aliyemchoma. Nilikwenda kwa bosi wangu, mganga mkuu wa wilaya, nikamwomba tuzungumze na polisi na watendaji wa vijiji.

"Sista, hayo si ya idara yetu," alisema. "Wewe endelea na semina."

Niliendelea, ila viti vilibaki vitupu. Masanja mwenyewe hakuacha kuja. Alikaa mbele, akacheka, "Mimi nimeshazoea mahabusu."

Msimu wa kusafisha mashamba, shoka lilimteleza likamkata nyuma ya goti. Nilipofika, alikuwa amelala kwenye mabua, watu wamemzunguka, na nusu yao nilikuwa nimewafundisha mimi. Hakuna aliyemgusa. Walikuwa wamemtuma mtu akamwite mtendaji ashuhudie kwanza. Nilimkandamiza, lakini hakukuwa na damu tena ya kuzuia.

Mama Shija, jirani yake, alikuwa ameshika khanga yake mkononi, safi kabisa.

"Mama Shija, ulijua la kufanya," nilimwambia.

"Nilijua, Sista. Aliniita kwa jina, akanionyesha pa kukandamiza." Akaanza kulia. "Lakini wangenikuta na damu yake. Wanangu ningemwachia nani?"

Niliichukua khanga yake, nikamfunika Masanja.

Nilipostaafu, mganga mkuu alinisifu mbele ya watu kwamba nimeelimisha jamii. Nilipiga makofi pamoja na wengine, kwa kuwa sikutaka kumwaibisha mtu kwenye sherehe.

Kanisani bado wananiita nifundishe, nami naenda. Wanakuja watoto, akina mama, wachimbaji wachache. Kila mara nawaalika polisi wa kata na mtendaji wakae nasi, wasikie kwamba mwenye damu mikononi huenda ndiye mwokozi. Nimewawekea viti vya mbele. Hawajaja.