Siri ya Yaya Mimbarani

Mpaka leo nikikutana na yule pasta sokoni Kikula, simsalimii. Yeye hunyoosha mkono, mimi naangalia mafungu ya matembele. Watu wanasema nina kiburi. Na waseme.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Kwetu ni Wakatoliki tangu babu alipotoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, lakini yaya alipoolewa alimfuata mumewe kwenye kanisa lake la uamsho. Mume alikuwa dereva wa malori ya madini, mpole mbele za watu. Nyumbani alikuwa akimpiga. Mama aliziona alama shingoni mwa yaya, akamwambia avumilie.

Mume akaja kushikwa na homa ya matumbo, akalazwa hospitalini hajitambui. Yaya alimgeuza, alimwogesha, alimfulia. Na huku akimwogesha, alimwomba Mungu amchukue. Mume akapona. Yaya akabaki na ile sala kifuani, usingizi hauji, chakula hakipiti. Mwishowe alikwenda kwa pasta, kwenye chumba chake nyuma ya kanisa, akaungama yote, na kipigo pia. Pasta akamwekea mikono kichwani, akamwambia amesamehewa, aende kwa amani. Yaya alipita kwetu siku hiyohiyo, akala, akalala kwenye mkeka wa mama kama mtoto mchanga.

Jumapili nilimsindikiza kanisani. Pasta alihubiri juu ya wake za watu. Katikati akafunga Biblia.

"Humu ndani iko mama mumoja," akasema. "Bwana yake alikuwa hospitali, naye alikuwa anaomba afe. Mungu alinionyesha."

Mungu alinionyesha. Maneno hayo ndiyo siwezi kuyameza. Alionyeshwa na mwanamke aliyelia mbele ya meza yake. Na juu ya kipigo, huyo Mungu wake hakumwonyesha kitu.

Watu wakaanza kutazamana. Mama mkwe wa yaya akageuka kutoka benchi la mbele, akamkazia macho. Yaya akasimama.

"Njo miye huyo mama," akasema. "Niliomba afe, juu alikuwa ananipiga kila siku."

Pasta akaanzisha wimbo.

Kabla jua halijazama nguo za yaya zilikuwa zimetupwa uani, na mama mkwe alikuwa akimwita muloji, mchawi, mbele ya majirani. Mume alisimama pale asimtetee. Yaya akarudi kwetu na watoto.

Mimi nilimfuata pasta.

"Baba pasta, yaya alikuambia siri."

"Sikutaja jina ya muntu."

"Haukuhitaji kutaja."

"Mudogo, zambi ya kufichwa inaoza. Nilimusaidia kuitoa."

"Na zambi ya bwana yake? Ile uliitoa wapi?"

Akaangalia saa yake. "Ile ni mambo ya nyumba yao."

Sijawahi kumchukia mtu namna ile. Nimeambiwa nikaiungame hiyo chuki. Sina haraka.

Nilidhani yaya hatafungua tena kinywa mbele ya mtu wa dini, lakini alirudi parokiani kwetu, kwa padri mzee, kuungama. Nilikasirika. Nikamuuliza anawezaje.

"Mungu hakutoa siri yangu," akanijibu. "Muntu njo aliitoa."

Baadaye mume alikuja na wazee wa kanisa lake kumtaka arudi. Yaya alipiga magoti mbele yao wote, akamwomba msamaha kwa ile sala. Kisha akabaki palepale, anamtazama usoni, anangoja. Mume akainamia viatu vyake. Mzee mmoja akakohoa, akasema basi tuombe.

Yaya akainuka, akafungua mlango.

"Hata weye iko na yako ya kusema," akamwambia mumewe. "Siku utaisema, tutaongea."

Walitoka mmoja mmoja. Mume hajarudi kuisema, na yaya hamngoji.