Gauni Lililomngoja Immakulata

Mafundi wa Kasulu hawakati nguo kwa karatasi. Anayekata kwa karatasi, walisema, ni kama mpishi anayesubiri kuambiwa chumvi kiasi gani. Fundi wa kweli anakutazama unapoingia, anakuzungushia tepu kifuani na kiunoni, anatandika kitambaa, anapiga chaki, na mkasi unaanza kula. Nasma naye alikuwa fundi wa namna hiyo. Alifundishwa na mama yake mdogo, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa la Abdulrahmani, mahali ambapo kila aendaye sokoni lazima apite, apende asipende. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, ameachika, hana mtoto, na mdomo anao. Watu walimwogopa kidogo na kumpenda zaidi.

Mapema mwaka 2012 Abdulrahmani alifungua belo la mitumba, na chini kabisa, chini ya masweta, akakuta bahasha za karatasi. Kila bahasha ilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu aliyesimama kiubavu kama aliyemnunia mtu, amevaa gauni. Si gauni la kuendea gengeni. Ilikuwa mitindo ya wabunifu wakubwa wa Ulaya, ile ambayo bei ya gauni moja ingejenga nyumba kijijini Heru Juu na kuiezeka bati. Ila kuna kiwanda kilikuwa kimechora vipande vya magauni hayo kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, ili mwanamke asiye na fedha hizo ajishonee mwenyewe. Abdulrahmani hakuona kitu cha maana pale. Alitaka kumpa muuza karanga afungie karanga zake. Nasma akainuka kwenye cherehani na kumpokonya, akimwambia sheikh asije akaulizwa siku ya Kiama kwa sababu ya karanga.

Kupata ni jambo moja, kutumia ni jingine. Maelezo yaliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na Kiingereza cha Nasma kilikuwa kimeishia kwenye kumwamkia mwalimu. Akatandaza zile paterni, yaani karatasi za vipande, juu ya kitenge na kufanya kile ambacho kila fundi wa kule hufanya: akaongeza vidole viwili pembeni, kuzunguka kila kipande. Kasulu nguo haishonewi mwili mmoja. Maharage yakivunwa watu hunenepa kidogo, mwanamke huzaa, gauni hurithiwa na mdogo mtu, na fundi asiyeacha akiba ya kupanulia ndani ya mshono husemwa soko zima. Basi Nasma akaacha akiba, na kwenye kuunga akaunga pale alipozoea. Mteja wa kwanza alikuwa Tunu, mke wa bwana shamba, aliyelichagua gauni lake kwenye picha za bahasha. Lilipokamilika, ndani yake angeweza kujificha Tunu na mbuzi wake. Alilivaa hivyohivyo harusini, na wanawake wawili wakamuuliza anatarajia lini.

Siku ya gulio iliyofuata Nasma alikuwa akilifumua gauni lile huku akimlaani mbunifu, kiwanda na meli iliyoleta belo. Mbele yake alisimama msichana mrefu, mkimbizi kutoka kambi ya Mtabila, aliyekuja na kibali chake kununua nyuzi. Akaokota yale maelezo, akasoma kimyakimya, kisha akasema, "Hapa wameandika nafasi ya mshono imo tayari. Hupaswi kuongeza."

Nasma akamuuliza ni nani aliyemuuliza. Msichana akajibu hakuna, akalipia nyuzi zake, akaondoka. Hakuwa amefika barabarani Nasma alipomwita.

Jina lake lilikuwa Immakulata Mpawenimana. Aliingia Tanzania mgongoni mwa mama yake, na Kifaransa alikisomea kambini, kwenye shule zilizofuata masomo ya Burundi. Kushona pia alijifunzia hukohuko. Tangu siku ile, kila alipopata kibali, alikuja barazani akakaa kwenye stuli ya miguu mitatu, akasoma Kifaransa kwa sauti, akakigeuza Kiswahili, na Nasma akakigeuza gauni. Paterni hazikukatwa. Walizinakili kwenye mifuko ya saruji iliyokung'utwa vizuri, ili karatasi za kitunguu zidumu. Na hawakumwiga mbunifu kama kasuku. Shingo iliyoshuka sana waliipandisha, pindo lililokimbilia mapajani walilirudisha chini ya goti, na kitenge chenye ndege walikigeuza na kukigeuza hadi ndege wote wakawa wanatazama juu, jambo ambalo Mzungu wa kwenye bahasha hakuwahi kuliwaza. Wasichana wa chuo cha ualimu wakaanza kuja makundi makundi.

Waligombana pia. Immakulata alitaka kila kitu kiwe kama kilivyoandikwa; Nasma alitaka macho yake yaaminiwe. Wakati mwingine walikaa saa nzima bila kusemeshana juu ya bega moja, hadi Abdulrahmani akawauliza kama aite mashehe. Lakini Nasma alikuwa ameishi miaka mingi na watu wanaotazama nguo na kusema tu kwamba imependeza. Huyu aliona mshono ulipopinda kabla hajaonyeshwa. Nasma hakujua kwamba alikuwa na njaa ya kitu hicho mpaka alipokipata.

Bahasha moja waliiweka akiba yao wenyewe. Gauni lake lilikuwa gumu kuliko yote: bega na mkono vilikuwa kipande kimoja kisicho na mshono, kikishuka kama maji. Wakakubaliana kushona mawili ya kitenge kimoja cha buluu iliyokolea, kila mmoja amshonee mwenzake, na wayavae siku moja wakatembee barabara ya sokoni kutoka mwanzo hadi mwisho, watu wapate la kusema. Immakulata akaanza kushona la Nasma.

Kisha habari zilizokuwa zikinong'onwa kambini zikathibitika. Mtabila inafungwa kabla ya mwaka kwisha. Burundi kuna amani, watu warudi kwao. Immakulata alilisema jambo hilo huku akitia uzi kwenye sindano, na Nasma hakulielewa mara moja. "Wanasema nirudi," Immakulata alisema. "Narudi wapi, dada? Mtu hurudi alikotoka. Mimi nimetoka hapa."

Alikuja mara ya mwisho mvua zimeshashika. Gauni la Nasma lilikuwa tayari. La kwake halijakatwa bado. Nasma akasimama na tepu ampime, ingawa vipimo vya Immakulata alivijua kama anavyolijua jina lake. Akampima kifua, kiuno, nyonga, bega. Akarudia kumpima. Hakuna fundi anayempima mtu mara mbili. Ila kule kwetu watu wazima hawakumbatiani ovyo barabarani, na alihitaji sababu ya kumzungushia mikono. Immakulata aliinua mikono kila alipoambiwa.

"Usiongeze vidole viwili," akasema mwishoni. Nasma akamwambia haongezi. Malori yalipopita kuelekea mpakani hakwenda kutazama.

Gauni alilishona kwa mwezi mzima, yeye ambaye gauni humchukua siku moja. Aliposhindwa kusoma alikisia. Alipokisia vibaya alifumua. Lilipokwisha alilitundika nyuma ya cherehani pamoja na la kwake, yote mawili chini ya kanga moja. Wateja walifunua kanga, wakataka kununua. Akawajibu kwamba yana wenyewe. Kwa nini basi hulivai la kwako, wakamuuliza. Akasema kinyozi hajinyoi, akaendelea kushona.

Mwanzoni simu ilipatikana. Immakulata alikuwa Makamba, kusini mwa Burundi, kwenye shamba la marehemu baba yake ambalo lilikuwa na watu wengine ndani yake, nao walikuwa na watoto wakubwa waliozaliwa palepale. Alisema Kirundi chake watu wanakicheka, wanamwita Mtanzania. Aliuliza habari za baraza, za Tunu, za ndege wa kwenye vitenge. Siku moja simu haikupatikana, na haikupatikana tena.

Mwaka 2013 ukapita, na 2014 nao. Jina la Nasma lilikua. Maharusi walimfuata kutoka Kibondo na hata Kigoma mjini, wakiwa na picha za magauni kwenye simu zao, naye aliweza kuyakata yote. Lakini fundi akimaliza kazi nzuri hutaka kumwonyesha anayejua, na kila alipoinua nguo kuitazama mwangani, macho yake yalikwenda kwenye ile stuli. Abdulrahmani aliwahi kuweka juu yake majora mapya ya vitambaa. Nasma aliyashusha, na mzee yule hakurudia. Nasma alimtamani Immakulata kama mtu anavyotamani maji, bila kujionea haya. Katika kila sala aliomba jambo moja, kwamba Mungu amrudishe. Hakumwombea shamba, wala mume, wala afya. Amrudishe tu.

Mei 2015 mabasi yakaanza kupita yakitoka Kigoma kwenda kambi ya Nyarugusu, yamejaa Warundi waliovuka ziwa na magodoro na watoto. Kwao kumechafuka tena. Watu wa Kasulu walisimama kando ya barabara na ndoo za maji. Nasma naye alikwenda na ndoo, lakini alikuwa akitazama madirishani, uso mmoja baada ya mwingine. Na moyoni alikuwa na furaha. Ndivyo ilivyokuwa, tusiipambe. Wenzake walimwaga machozi, yeye moyo ulimdunda kama wa bibi harusi, kisha akaona mama mmoja dirishani amekumbatia kiatu kimoja cha mtoto, na furaha ile ikamtisha. Akaacha ndoo palepale akarudi nyumbani Heru Juu kwa miguu.

Nyarugusu aliulizia, hakumpata. Mwishoni mwa mwaka, kambi ya Nduta ilipokuwa imefunguliwa tena kule Kibondo, alikuja barazani Asia, mteja wa Nasma tangu alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, na sasa ameajiriwa na shirika kambini humo. Alikuja kubadilishiwa zipu, akasimulia kama kichekesho. Kuna mwanamke chini ya turubai, anashona kwa mkono, alimshika Asia bega katikati ya foleni akamuuliza nani amemkatia gauni hili, kwa sababu bega lake limekatwa na mtu anayejiamini kupita karatasi.

Nasma akazima pasi. Asubuhi alikuwa kwenye basi la Kibondo, magauni yote mawili mapajani.

Asia alimpitisha kwenye kizuizi na kumwongoza kati ya mahema. Udongo ulikuwa bado mbichi pale miti ilipofyekwa, na moshi wa kuni mbichi uliwauma macho. Mwanamke aliyeinuka mbele ya turubai alikuwa Immakulata, na pia hakuwa yeye. Alimkumbatia Nasma kwa desturi ya Kirundi, kumbatio refu la kupapasa mikono na mgongo, na Nasma akaihesabu mifupa bila kutaka. Mama yake, alisema, alibaki njiani, kaburini.

Akaingia ndani na gauni, akatoka amelivaa. Lile bega lililopaswa kushuka kama maji lilianguka hadi karibu na kiwiko, na kiunoni palitosha kuingia mtu mwingine. Immakulata akajitazama, akacheka kidogo. "Dada, umeongeza vidole viwili."

"Sikuongeza," Nasma alisema.

Kicheko kikakoma. Immakulata akashika kitambaa kilichozidi pale kiunoni, akakibana kwa vidole, akatazama ni kiasi gani. Maisha yao yote ya ufundi walikuwa wameacha akiba ya kupanulia. Hakuna aliyewahi kuacha akiba ya kupunguzia. Nasma akatoa pini alizokuja nazo kwenye kilemba, akapiga magoti kwenye udongo na kuanza kulibana, upande huu kisha ule, taratibu, na Immakulata akainua mikono kama zamani. Wakalipunguza mchana ule, wameketi kwenye gunia moja. Walizungumza juu ya mishono. Nasma alimwomba arudi naye Kasulu, stuli ipo. Immakulata akamwambia hatoki mtu pale bila kibali, na vibali kwa sasa havitolewi.

Jua lilipoinama Immakulata akalivaa tena, akamsindikiza, maana mgeni husindikizwa. Kwa watu wa kule humfikishi mgeni mlangoni tu. Unakwenda naye mpaka njia panda, mnaendelea kuongea, hadi mmoja awe mkali ndipo mnaachana. Walifika kwenye gogo la kizuizi, Nasma akapita, gauni lake bado limekunjwa kwapani, Immakulata akasimama. Njia panda ilikuwa inaonekana kutoka pale.

Nasma hakuweza kuondoka na kile alichokibeba tangu Mei. "Nilikuombea urudi," alisema. "Kila sala, Ima. Sikuomba kingine chochote."

Immakulata aliweka mkono juu ya gogo. "Mimi niliomba hivyohivyo, dada," akasema. "Nirudi. Hakuna kati yetu aliyemwambia Mungu kwa njia gani."

Dereva wa basi akapiga honi. Nasma akauliza basi sasa waombe nini. Immakulata akalivuta bega la gauni lake likae sawa.

"Usiombe kwanza," akasema. "Safari hii tufikiri vizuri. Nikijua la kuomba, nitamtuma Asia aje akwambie."