Pochi ya Mwisho ya Baba

Ta! Mlio mmoja tu, mkavu, halafu kimya. Wiki iliyopita mteja kaniletea pochi ya zamani nimbadilishie bitana, maana kitambaa cha ndani kilikuwa kimechakaa. Nilipoifungua ikanipiga harufu ya udi na poda iliyokaa miaka. Nikaifunga. Ta! Jamani, nilikaa chini. Ule mlio naujua kuliko sauti yangu mwenyewe.

Nilikulia Chamazi, enzi hizo bado mashamba mashamba, na kwetu ndiko zilikotengenezwa pochi za kwendea sherehe. Si mikoba ya sokoni, la. Nasema ile pochi ndogo ya kushikwa mkononi, imejaa shanga mpaka kitambaa hakionekani. Baba alitengeneza fremu ya shaba, mama akashona shanga. Wateja walitoka mbali, hadi Mbezi Beach, mkononi wana picha walizochana kwenye majarida ya Ulaya. Baba alikuwa akizitazama anacheka.

"Sasa humu kinaingia nini, mama Zuhura? Hata andazi halienei."

"Haiwekwi kitu hiyo," mama anamjibu bila kuinua macho. "Inashikwa, mtu anyooshe mgongo."

Ufundi wa baba ulikuwa kwenye kufunga. Juu ya fremu aliweka vitufe viwili vya shaba vinavyopishana, akavipiga tupa, akafunga, akasikiliza kainamisha sikio. Vikikwaruza, anarudia. Asubuhi nzima anarudia, na jirani anauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Tayari?" Ikisema ta, baba anasema alhamdulillahi, anadai chai. Mama naye alikuwa na sheria zake. Kila shanga tano alipiga fundo kwa ndani, ili uzi ukikatika zisimwagike zote. Na safu ikipinda, hata kiasi cha unywele, aliifumua. Nimemwona akifumua kazi ya siku nzima bila hata kusonya.

Baba aliumwa siku nne tu, akafariki. Nilikuwa na miaka tisa. Mama akakaa eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hatoki, hajipambi, hapaki wanja wala manukato. Shangazi Mwajuma, dada yake baba, akahamia kwetu kumsaidia. Kwenye meza ya baba ilibaki fremu moja tu aliyoimaliza, ya bibi harusi mmoja wa Mbezi Beach. Haukupita muda mrefu baada ya mazishi, mama akaichukua akaanza kushona. Amejitanda nguo yake nyeupe ya eda, na shanga za rangi ya dhahabu zinamwakia mapajani.

Shangazi hakupenda. "Kaka yangu hata arobaini haijafika," nilimsikia akimwambia jirani uani, "mwenzake kashika mapambo. Na chozi hata moja!"

Na kweli, mie sikuwahi kumwona mama akilia. Yale maneno yalinichoma. Nikaamini mama hakumpenda baba. Nilimchukia, nasema ukweli wangu.

Mchana mmoja, mama yuko chumbani anasali adhuhuri, nikachukua wembe nikakata ile safu aliyokuwa ameishia. Nilitaka shanga zimwagike zote, isiwepo tena pochi. Zikadondoka tano. Nikakata tena, zikadondoka tano. Mafundo yake yale! Nikawa nakata nalia, nakata nalia, mpaka safu nzima ikaisha. Kugeuka, namwona kasimama mlangoni na ushungi wake wa kusalia.

Shangazi akaja mbio. "Mchape huyo! Mchape!"

Mama hakunichapa. Alipiga magoti, akaanza kuokota shanga moja moja kwenye mkeka. "Zuhura," akaniambia, "hii ndiyo ya mwisho. Baba yako hatengenezi nyingine. Nami nataka niimalize, kazi yake isibaki nusu." Sauti ikamkatika. Nikaona machozi yakimdondoka. Shangazi naye akapiga magoti, akaokota.

Zilipopatikana zote mama akanipa sindano. "Umekata safu moja, utashona safu moja." Nilishona siku tatu, vidole vimetoboka, na safu yenyewe inapanda na kushuka. Nilijua ataifumua tu. Nilipomaliza nikamrudishia, na kwa aibu sikuitazama tena ile pochi hadi ilipochukuliwa, imefungwa ndani ya kitambaa. Miaka yote nikaishi nikiamini aliifumua nilipokuwa shule.

Basi pochi ya yule mteja ikawa mezani kwangu. Nilipoigeuza niliona shanga zimekaa mawimbi mawimbi, nikashangaa, maana mama hakuwa na mtindo huo. Nikafumua bitana. Kwa ndani mafundo yake yamejipanga, madogo kama mbegu za mchicha, na katikati yao safu moja ya mafundo makubwa, mabaya, ya mtoto. Haikufumuliwa. Na safu zote alizoshona baada ya hapo, moja baada ya nyingine, kazipinda zifuate yangu. Mtu aliyekuwa havumilii safu kupinda hata kiasi cha unywele alizipinda zake zote, ili yangu isionekane kosa.

Nililia, wala sikuona haya. Mama naye hayupo tena, ningemwuliza nani? Eti hakumpenda baba. Nilimwona akimlilia kila siku kwa sindano, nikadhani anashona.

Nilitia bitana mpya, ile safu sikuigusa. Mteja alipokuja akaipapasa kwa kidole, akaniuliza, "Hivi haya mawimbi ndiyo ilikuwa fasheni ya zamani, dada?"

Nikaifunga mbele yake, ta, nikamkabidhi.