Wageni Wamelala: Nyumba Inayonong'ona Ili Likizo Yako Iwe Nafuu

Ti. Kifuniko cha sufuria kimegusa ukingo, na mkono umekiwahi gizani kabla hakijalia mara ya pili.

Ni saa kumi na moja alfajiri na taa haijawashwa. Mama Shuka anapika chai kwa kupapasa. Vidole vyake vinajua kiberiti kilipo, majani yalipo, na sukari iko kwenye kopo lipi. Chini ya kila sufuria ametandika kipande cha shuka kuukuu ili bati lisigonge saruji. Miguuni yuko peku. Ndala zina kelele.

Upande wa pili wa ukuta, kijana mmoja na mchumba wake wamelala kwenye kitanda cha Mama Shuka. Wamelipia siku tano za likizo ya kisiwani. Nyumba haina dari na ukuta haufiki juu, kwa hiyo kinachosemwa huku hupanda, hupita chini ya mabati na kushukia kule. Hata kikohozi. Mumewe akibanwa na kifua hutoka mpaka uani, akajikunja nyuma ya tangi la maji na kukohoa huko kama mtu anayevuta sigara kwa siri.

"Jana nilipiga chafya nikaikata katikati," mume huyo ananong'ona huku akipokea kikombe. "Nusu iliyobaki mpaka sasa sijui imekwenda wapi."

Mama Shuka anamfinya mkono. Mabega yake yanatikisika kwa kicheko, lakini hakuna sauti inayotoka.

Stoo wanayolala wao ina nafasi ya godoro moja na mtu mmoja kusimama. Kwenye godoro amebaki mtoto wao wa pekee, binti wa miaka sita. Humwita Bibi Mdogo, kwa kuwa amepewa jina la bibi yake mzaa baba. Anafumbua macho. Hamwiti mtu. Anautazama ukuta kwanza, kisha anakuja kwa ncha za vidole na kuweka mdomo kwenye sikio la mama yake.

Bila shaka ameomba chai, maana mama anammiminia.

Mama Shuka ana miaka thelathini na moja. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya kamba yake ya nguo, ambayo haikosi shuka nyeupe. Zamani alifua shuka za hoteli moja kubwa ya ufukweni, mpaka hoteli ilipoleta mashine za kufulia na wafuaji wote wakaambiwa asanteni.

"Nikawa nakwenda gatini kukaa tu, mawazo yamenizidi," anasimulia akiwa uani, baada ya wageni kwenda kuogelea. Hata hapo sauti yake iko chini; imeshazoea. "Nikaona vijana wanashuka kwenye boti na mabegi mgongoni, wanauliza bei hotelini, wanageuka. Wengine wanalala palepale kwenye mabenchi. Nikamwambia baba yake, mbona sisi tuna chumba na kitanda cha maana? Akaniuliza, na sisi tutalala wapi? Nikamwambia, sisi si tupo tu."

Wakapiga picha tatu na kuziweka kwenye mtandao wa kukodisha vyumba. Bei ni elfu thelathini kwa usiku, kama robo ya ile ya hoteli, na mtandao unakata sehemu yake kabla pesa haijamfikia.

Hata hivyo, kilichowavuta wageni zaidi ni maneno aliyoandika chini ya picha. Aliyaandika kama mtu anayemuaga ndugu yake anayesafiri mara ya kwanza.

"Msije likizo za shule, njooni wiki mbili baadaye, bahari ni ileile, bei siyo ileile. Pandeni boti ya asubuhi ya mizigo, inachukua abiria kwa nusu ya nauli, ila kaeni upande usio na moshi. Msinunue safari ya kuona samaki hapo gatini. Tembeeni mpaka ufukwe wa watu wote, nyuma ya kiwanda cha barafu. Maji yakipwa mtawaona kwa macho yenu bila kulipa. Matunda nunueni jioni, muuzaji akiwa anataka kurudi kwake. Pikeni kwenye jiko langu. Popote mtakapofikia ulizeni bei ya wiki, msiulize ya siku. Bebeni taulo zenu na pesa ndogondogo, chenji huku ni shida. Na mkishuka, msikodi mkokoteni wa mizigo. Kwangu ni mwendo wa dakika saba."

Mwenye mkokoteni ni mumewe.

"Niliandika nikimfikiria mgeni," anasema. "Nilijua wageni wangu ni wawili, watatu kwa wiki, watampunguzia nini? Sikujua kama maneno yanatembea."

Yalitembea. Wageni waliyanakili wakawatumia wenzao, hata wasiofikia kwake. Wenye vyumba wengine wakayachukua vilevile yalivyo, mkokoteni ukiwamo. Mumewe, aliyekuwa akipata safari nane au tisa kwa siku, sasa anahesabu mbili, na siku nyingine anarudi na mkokoteni mtupu kama alivyoondoka nao.

Saa tatu asubuhi yuko gatini na wenzake wanne, wameegemea mikokoteni yao. Boti ya mizigo imefunga kamba. Abiria wanashuka wakiburuta mabegi yenye magurudumu.

"Yule mwenye kofia anakwenda kwenye chumba cha mtandaoni," anasema.

"Umemjuaje?" anaulizwa.

"Hajatutazama."

Mwenzake, mwanamume mnene anayeitwa Breki, anacheka. "Mwambie shemeji arekebishe kidogo. Aandike, 'pandeni mkokoteni wa Breki, ni salama, hauna mwendo.' Tangu aanze uandishi, mimi nimepungua mkanda matundu mawili."

"Kwako hiyo ni tiba, Breki."

Kicheko kinapoisha, mume wa Mama Shuka anasimulia habari ya mgeni mmoja aliyempita mbio na kumwambia, "Mwenyeji wetu alituonya kuhusu nyinyi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mwenyeji wenu ana akili sana. Kisha nikawaonyesha njia ya nyumbani kwangu."

Hivyo ndivyo kitanda kilivyogeuka kuwa nguzo ya nyumba. Unga na ada vyote vinatoka kwenye chumba kile. Kikikaa wazi wiki moja, jiko nalo hupoa.

Ndiyo maana Mama Shuka hasahau wageni wa miaka mitatu iliyopita. Bibi Mdogo alikuwa na miaka mitatu na sikio lilikuwa likimuuma. Alilia usiku wa kwanza, akalia na wa pili. Wageni walipoondoka waliandika mtandaoni: "Chumba safi, bei nzuri, mtoto analia."

Kwa karibu miezi miwili hakuna aliyekodi.

"Hawakusema uongo," anasema Mama Shuka. "Mtu amejibana mwaka mzima apate siku nne za kupumzika, halafu alale na kilio cha mtoto wa mtu? Nilimwelewa. Ndipo nikatunga mchezo."

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi: anayeongea chini kuliko wote anapata biskuti. Mama alicheza, baba alicheza, na Bibi Mdogo alikuwa akiwashinda wote wawili. Baada ya muda biskuti ziliisha, mchezo ukabaki.

"Na mimi nilijivuna. Nilikuwa nawaambia majirani, mwanangu ana adabu, humsikii." Anakunja shuka, anaikunjua tena. "Humsikii kweli."

Jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani, amewahi kumweleza ukweli huo kwa utani. "Shoga, mnaishi kama wezi ndani ya nyumba yenu. Siku wezi wa kweli wakija watawaomba radhi, watadhani wamewaingilia kazini." Mama Shuka anasema alicheka siku hiyo mpaka akatokwa na machozi, na machozi hayakukatika mapema.

Kisha ikaja shule.

Mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mwenye subira na chaki mpaka kwenye nyusi, anasema kwa wiki kadhaa alidhani mtoto huyo ni bubu. "Siku moja niliinama mpaka sikio langu likagusa midomo yake. Nikashangaa. Anasoma vizuri kuliko wengi. Tatizo, wakaguzi hawainami."

Mwisho wa mwezi huu wakaguzi watakuja kuwasikiliza watoto wakisoma kwa sauti, mmoja mmoja, mbele ya darasa. Asiyesikika huandikwa hawezi. Mwaka jana, mtoto wa namna hiyo alipelekwa shule maalumu ya bweni, ng'ambo, safari ya boti na basi.

"Nimemwomba mama yake amzoeze nyumbani," anasema mwalimu. "Akanitazama tu. Nilidhani hajanielewa."

Alielewa. Walikuwa na matofali mia mbili nyuma ya nyumba, waliyoyanunua kidogokidogo ili siku moja wajenge chumba chao wenyewe, mbali na wageni, ambamo mtu angeweza kupiga chafya nzima. Wakayauza. Pesa ikawapeleka ng'ambo, kwa daktari wa masikio na koo.

Daktari alimpima mtoto kwa muda mrefu. Masikio mazima. Koo zima. Akavua miwani, akauliza, "Nyumbani mnaishije?"

"Nikamwambia tunaishi vizuri," anasema Mama Shuka. "Ningemwambia nini? Kwamba nimeiuza sauti ya mwanangu kwa elfu thelathini?"

Anaanika shuka nyingine. Matone kutoka kwenye shuka yanadondoka mchangani.

Jumapili iliyopita baba alimchukua Bibi Mdogo mpaka ule ufukwe nyuma ya kiwanda cha barafu. Wazo lilikuwa lake: kama nyumbani hapawezekani, mawimbi hayawezi kumkataza mtu. Alisimama majini mpaka magotini akapiga ukelele, hata watu wakageuka. "Haya, Bibi, zamu yako. Hapa ni kwa watu wote. Piga kelele mpaka ng'ambo wasikie."

Mtoto alifungua mdomo. Akavuta pumzi, mabega yakapanda. Kisha akageuza kichwa, akawaona watu waliojinyoosha juu ya taulo, wamefunika nyuso kwa kofia. Akafunga mdomo, akamvuta baba yake ainame.

"Baba," akanong'ona, "wageni wamelala."

Baba alitoka majini. Alikaa mchangani na nguo zake zilizolowa, mtoto akakaa kando yake, wakatazama maji mpaka jua likawa kali.

Kwa nini wasikifunge chumba? Walijaribu. Walikifunga siku sita, na mtandao ukawashusha mpaka chini kabisa, mahali ambapo mgeni hafiki kwa kuwa amechoka kutafuta. Waliokwisha kulipia hawawezi kukataliwa bila faini. Na siku ya nne nyumba ilikuwa imebaki na chumvi.

"Nikifunga, anapata sauti, hapati chakula," anasema Mama Shuka. "Nikifungua..."

Ameanza upya matofali, ishirini kila mwezi akijaliwa. Kwa mwendo huo chumba kitahitaji karibu mwaka mzima. Wakaguzi wanakuja baada ya wiki tatu. Hesabu hiyo ameirudia mara nyingi na haijabadilika.

Kuna jambo jingine analolipanga, dogo, na analisema kwa aibu kidogo. Anataka kuongeza mstari mmoja kwenye ule ushauri wake kwa wageni. Ameuandika kwenye simu mara tatu na kuufuta mara tatu: "Katika nyumba hii kuna mtoto, na mtoto huongea." Anajua wapo watakaosoma hapo na kwenda kwa mwingine. Anatumaini wapo watakaokuja hivyohivyo, pengine hata wakaja na wa kwao.

"Wiki hii sitaufuta," anasema. "Nikishapokea hawa wa leo."

Wa leo wanafika saa nane mchana, mume na mke wa makamo, wamebeba mabegi yao wenyewe. Kijana na mchumba wake wamemaliza siku zao tano na kuondoka asubuhi. Shuka zimebadilishwa na sakafu bado ina unyevu. Mama Shuka anawaonyesha ndoo ya akiba, swichi ya feni, na dirisha linalotaka kusukumwa kwa bega.

Mgeni wa kike anaweka begi kitandani, anakaa, anadunda kidogo. "Aa, laini. Mama, nyie mna raha. Watu tunahangaika mwaka mzima kuja kukaa hapa siku tatu, na nyie mpo tu."

"Karibuni sana," anasema Mama Shuka. "Jisikieni mko kwenu."

Bibi Mdogo amerudi kutoka shule. Amesimama kwenye kizingiti, sare imejaa vumbi, mkono umeshika mlango. Mgeni anamwona na kutabasamu.

"Na wewe, mrembo, uko darasa la ngapi?"

Mtoto anatazama viatu vya mgeni, kisha begi, kisha mto. Mama yake anaanza kusema kuwa ana haya, hajazoea watu. Anakatizwa na sauti nyembamba, yenye mkwaruzo kama bawaba ya mlango uliofungwa siku nyingi, lakini inayotosha kufika uani, ambako baba yake ananyanyua kichwa kutoka kwenye gurudumu la mkokoteni.

"Hapo tunalala sisi."