Haya na Basi

Baba yangu alikuwa na maneno mawili tu ya kushushia boti majini: haya na basi. Haya maana yake rudi nyuma. Basi maana yake simama hapo hapo. Mwenye kuyasema nilikuwa mimi, nimesimama nyuma ya trela, miguu majini, buibui nimelikusanya mkononi. Yeye yuko juu kwenye pikapu, kioo kashusha, anarudi kinyumenyume kwa kufuata sauti yangu. Wenzetu wote pale mteremkoni walielekezana kwa mikono. Sisi tulielekezana kwa mdomo, na aliyeuliza kwa nini nilimjibu kuwa mimi ni mwalimu, nimezoea kupiga kelele.

Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba baba alikuwa haoni vizuri. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, na kwenye kile kioo cha pembeni alichokiona ni ukungu. "Vumbi tu hilo," alisema kila tulipomtajia daktari. Alikuwa ameendesha magari makubwa bandarini miaka thelathini bila kukwaruza hata bampa, na mtaa mzima wa Bondeni ulimjua kwa hilo. Siku atakayoambiwa asiendeshe tena atajifungia ndani, na nilimjua baba yangu, akijifungia hatoki. Kwa hiyo katikati ya miaka ile ya tisini, kila Jumapili, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Hata njiani nilikaa kando yake nikimsimulia barabara kana kwamba napiga soga: huyu wa mkokoteni naye kajaa njia nzima, tazama mama yule avukavyo na watoto. Naye hupunguza mwendo. Siri tuliibeba wawili bila kuitaja.

Mteremko wenyewe ulikuwa wa saruji, chini ya mtaa wa Kibokoni, upana wa trela moja, tena hauna ukingo. Gurudumu likitoka pembeni linaangukia mawe. Adabu zake hazikuandikwa popote, lakini ole wako uzivunje. Anayetoka baharini hupishwa na anayeingia. Kizibo cha boti hukaguliwa juu, si chini huku watu wanakungoja. Ukishashusha, ondoa trela yako, maongezi baadaye. Na kubwa kuliko zote, hugusi maji kabla hujasalimu watu. Niliwaona waliosahau kizibo, boti ikanywa maji mbele ya macho yetu; walichekwa wiki mbili wakasamehewa. Asiyesalimu hakusamehewa.

Na salamu ndizo zilizokuwa zikinitia hofu, hasa za mzee mmoja, fundi wa mashine za boti aliyekwisha staafu. Huyu ndiye aliyekuwa akienda na baba kuvua, ndiye mshika usukani wakiwa baharini. Mtu mwema, sikatai. Lakini salamu zake zilikuwa na mkia mrefu, na alikuwa na tabia moja iliyonikera roho: kila akikutana na baba, lazima ajitaje. Jina lake, la babake, na la babu yake. "Ni mimi fulani bin fulani, nakupa mkono," husema hivyo kama karani wa korti, ilhali wamejuana tangu chuoni walipokuwa wakisoma juzuu. Nikisema moyoni, huyu naye, nani asiyemjua? Nilidhani ni majivuno ya uzee.

Jumapili ninayoikumbuka tulichelewa kufika na maji yalikuwa yameanza kutoka. Nyuma yetu alikuwepo karani mmoja wa bandarini, mtu wa bara, na boti yake mpya inang'aa. Gari lake hakulizima. Kila baada ya muda alilikanyaga mafuta kidogo, tujue kwamba anangoja. Yule mzee fundi alikwenda dirishani kwa baba, akajitaja majina yake yote, wakapeana mikono. Mimi nikashuka chini, nikaanza.

"Haya," nikasema. Pikapu ikaja. "Haya. Haya baba, taratibu." Trela ilikuwa inapinda kidogo kuelekea kwenye mawe, nami nilikuwa natafuta neno la kumrudisha katikati, nikamwona yule mzee anateremka kwa upande wa pili, anapita nyuma ya trela, anakuja kwangu. Nikapiga kelele, "Basi!" Pikapu ikasimama. Na kwa kuwa roho ilikuwa imenipaa, nikainua mkono juu vilevile, kiganja wazi, kama asimamishavyo magari polisi. Mkono ule nikausahau huko huko juu.

"Sabalkheri, mwanangu," akasema mzee. Amesimama nyuma kabisa ya trela, maji yanamfika magotini.

"Sabalkheri, ami. Sogea huku, tafadhali."

"U mzima? Na mamako?"

"Mzima, alhamdulillahi. Akusalimu. Sogea ami, gari hilo."

"Gari limesimama. Na mdogo wako, mguu wake umepoa?"

Ningefanya nini? Kumkatiza mzee salamu mbele ya watu sikuweza, sikulelewa hivyo. Nikamjibu umepoa. Akauliza la shule, nikamjibu. Karani kule juu akakanyaga mafuta. Mwishowe mzee akasema, "Haya, nisalimia mamako." Nami, kwa furaha kwamba yamekwisha, nikamjibu kwa sauti yangu ya darasani, "Haya, ami!"

Nilisikia pikapu inaanza kurudi. Sikupata hata nafasi ya kusema basi. Nilimkamata mzee mkono wa shati nikamvuta kwa nguvu zangu zote, tukaanguka majini sote wawili, na pale alipokuwa amesimama gurudumu la trela likapita, likatoka kwenye saruji, likabwagika maweni. Boti ikalala ubavu. Nilisikia ubavu wake unakwaruza, nikapiga kelele, "Basi, basi, basi," na baba akakanyaga breki.

Watu wakaja mbio. Karani alifika wa kwanza, akasimama na baba, aliyekuwa ameshuka ameshika mlango wa pikapu. "Mzee," akamwambia, wala hakumwambia kwa ubaya, "mkono wa binti yako hukuuona? Sisi wote huku juu tumeuona."

Baba aligeuza kichwa huku na huku akitafuta nani anasema na yuko wapi. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa gurudumu, kwa sababu wakimtazama vile kwa dakika moja zaidi watajua.

"Mimi ndiye niliyesema haya," nikasema nikipanda juu, nguo zinachuruzika. "Kosa langu."

"Na mkono je? Ulikuwa umeuinua."

"Nilikuwa nafukuza nzi. Una swali jingine?"

"Alisema haya," yule mzee fundi akaitika kutoka majini, amebaki na ndara moja. "Nimemsikia mimi. Njooni tuinue trela, maji yanatoka."

Karani akazima gari lake, akavua viatu, akashika. Hiyo nayo ni adabu ya pale: aliyekwama ni wa wote. Wakainua trela wakairudisha kwenye saruji, pikapu ikaivuta mpaka juu. Ubavu wa boti ulikuwa na jeraha refu, lakini haukutoboka.

Nikiwa nakamua buibui, mzee akanijia. "Mwanangu," akasema polepole, "wewe wadhani mimi nalipenda sana jina langu?"

Sikumwelewa.

"Huu mwaka wa pili namtajia. Namwambia ni mimi, na mkono namwambia naupeleka, asije akauacha wangu hewani mbele za watu." Akaitafuta ndara yake kwa macho, hakuiona. "Nilidhani namstahi. Leo ungechelewa kidogo ningekuwa chini ya gurudumu, na yeye angekuwa ameniua. Nenda kamtake ufunguo."

"Nenda wewe, ami."

"Mimi hatanisamehe. Wewe atakusamehe."

Leseni nilikuwa nayo, tena ya miaka mingi, wala sikuwa na kisingizio cha kutoendesha mwenyewe. Nikapanda ule mteremko nikiona aibu, aibu ya kuwa nimedhani namlinda baba kumbe nilikuwa namsaidia kuja kuua mtu. Nilimkuta amekwisha kaa kwenye usukani, gari linanguruma, anataka kujaribu tena. Maneno niliyoyapanga yakanipotea. Nikaona bora nisiseme kitu, nikamnyoshea mkono dirishani, kiganja juu, ataelewa mwenyewe.

Akanitazama usoni, akangoja. Mkono wangu ulikuwa hapo mbele ya kifua chake, naye ananingoja niseme.

"Vipi, mwanangu?" akauliza. "Haya?"

"Basi, baba," nikasema.

Akazima gari, akauchomoa ufunguo, akaupitisha dirishani, kushoto kidogo ya pale nilipokuwa, nami nikasogea mpaka ulipo.